Kioo cha Wateja

Mtu akiwa na barua ya kuandika na mwandiko wake ni wa kuku, alielekezwa kwa Bi Chapa, wala hakuuliza ni Bi Chapa yupi. Mtaa ule ulikuwa na mmoja tu. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kwenye kumbukumbu za mumewe, na hata mumewe akiwa nje alimwita Bi Chapa kama watu wengine.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la rangi. Kulikuwa na meza, mashine ya kopi iliyokwama kila karatasi ya kumi, printa mbili, moja ya kazi na moja ya kunyofoa vipuri, na benchi refu la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Miaka ishirini na sita alikuwa hapo. Alianza na taipureta ya chuma, ile ambayo ukiibeba kutoka mezani mpaka mlangoni unahitaji kupumzika katikati. Aliisomea kwenye chuo cha uhazili, ambako mwalimu wao alitembea na rula nyuma ya viti, na akimwona mtu ameangalia vitufe, rula ilitua kwenye vidole. "Macho kwenye karatasi!" Bi Chapa alichapwa siku mbili za kwanza, ya tatu akakoma. Tangu hapo vidole vyake vilikimbia vyenyewe, macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja, na mashine ifanye inachotaka kufanya. Hilo lishike, tutalirudia.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza, kila mstari aliouandika aliusoma kwa sauti kabla ya kwenda mstari unaofuata, ili mteja aseme ndiyo au hapana. Pili, kulikuwa na kile kioo. Mwaka mmoja alikosea jina la marehemu kwenye ratiba ya mazishi, akaliandika jina la shemeji wa marehemu aliye hai, na shemeji mwenyewe ndiye aliyegawa zile karatasi msibani. Loo! Bi Chapa aliumwa wiki nzima. Alipopona alinunua skrini ya pili, kubwa, akaitundika ukutani ikitazama benchi, ili kila kinachoandikwa mteja akione papo hapo. Watu wakakiita kioo cha wateja. Alikipenda kile kioo kuliko printa zote mbili.

Na mambo ya siri je? Hapo ndipo alipojivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna. Barua za talaka, majibu ya vipimo, mtu anayeomba arudishwe kazini baada ya kufukuzwa kwa ulevi, yote yalipita kwenye vidole vyake. Wa namna hiyo aliwapa saa ya chakula cha mchana. Alirudisha mlango nusu, akachomoa waya wa kioo cha wateja, akasoma mistari kwa kunong'ona. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kusema "nimesikia kwa Bi Chapa". Shida ni kwamba yeye mwenyewe alilisema hilo mno. Akienda saluni kusukwa, wenzake wakianza kupiga domo, alifunga macho na kusema, "Mimi mdomo wangu una kufuli," na wenzake wakajiona makapu matupu mbele yake.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mdogo wake wa kiume alikuja kumsafishia kompyuta. Huyu mdogo mtu alikuwa fundi kompyuta, mtu mzima mwenye kipara na maneno mengi.

"Dada, hii mashine yako ina mdomo," alisema, akiwa bado ameinamia meza. "Angalia. Nikiandika herufi moja tu hapa juu, inanitolea orodha ya vitu vyote ulivyowahi kutafuta. Na simu yako umeiunganisha humo humo, kwa hiyo na simu inajua. Nikuzimie?"

"Uzime nini? Ndiyo inayonisaidia hiyo. Naandika 'cheti' tu, yenyewe inamalizia 'cheti cha kuzaliwa'. Unataka nianze kuandika maneno mazima kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Ni dakika mbili, dada. Una kazi za watu humu."

"Wewe umekuja kufuta vumbi. Futa vumbi."

Akafuta vumbi, akala, akaenda zake. Bi Chapa hakulifikiria tena hilo jambo. Alikuwa anawahi, na kuwahi ndiyo ilikuwa sifa yake ya tatu.

Siku ya Jumanne, saa ya chakula, akaingia Mkunga.

Mkunga alikuwa na miaka sitini na minne na alikuwa amestaafu, lakini nusu ya watu waliopita barabara ile walianza kupita mikononi mwake. Wana wawili wa Bi Chapa walizaliwa mikononi mwake pia. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na mmoja, mwenye watoto watatu wakubwa, wote na kazi zao na maoni yao. Siku hiyo alikuwa amevaa nguo ya kutokea, na ile saa yake ya kikazi, ya kubandika kifuani, ikining'inia mahali pake kama vile bado anakwenda zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Bi Chapa akarudisha mlango, akachomoa waya. Mkunga akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Nataka kuolewa," alisema. "Ukicheka natoka."

Bi Chapa hakucheka. Ilibidi ajiume shavu kwa ndani, kwa furaha tu, maana alishajua ni nani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha Fundi Saa, mzee mtaratibu mwenye kioo cha kukuzia jichoni, anayetengeneza saa katika dunia ambayo kila mtu anaangalia muda kwenye simu. Ile saa ya Mkunga ilikuwa imepelekwa kutengenezwa mara tatu mwaka ule, na kwa macho ya Bi Chapa haikuwahi kusimama hata siku moja.

"Watoto nitawaambia mwenyewe," Mkunga aliendelea. "Mwisho wa mwezi nawaita wote watatu, nawakalisha sebuleni kwangu, nawapa kwa mdomo wangu. Nimewatoa watoto wa watu usiku na mchana, hili langu nitashindwa kulitoa? Ila mpaka siku hiyo, ni mimi, ni yeye, na ni wewe. Nataka kujua tu kwa msajili wanataka karatasi gani. Iulize mashine."

"Niandikeje, mama?"

"Andika hivyo hivyo ninavyosema."

Na hapa lazima niwaambie jinsi wateja wa Bi Chapa walivyokuwa wakiuliza mashine. Waliiuliza kama wanavyomuuliza karani dirishani, kwa kujieleza kwanza wao ni nani na shida yao imeanzia wapi. Na Bi Chapa, aliyefundishwa kuandika alichoambiwa, hakupunguza neno la mtu. Mkunga akasema, yeye akaandika: *mjane wa miaka sitini na minne mkunga mstaafu anataka kuolewa na fundi saa apeleke karatasi gani kwa msajili.* Akausoma mstari kwa kunong'ona. Mkunga akaitikia kwa kichwa. Mashine ikajibu, wakaandika kwenye kikaratasi: vitambulisho, picha, cheti cha kifo cha mume wa kwanza, mashahidi wawili. Mkunga akakikunja kikaratasi, akakitia kwenye mfuko wa ndani kabisa wa mkoba, akambusu Bi Chapa kwenye paji la uso na kuondoka mbio mbio. Bi Chapa akarudisha waya wa kioo, akafungua mlango, akala ugali wake uliopoa. Siku nzima alikuwa na raha utafikiri anaolewa yeye.

Alhamisi asubuhi akaja binti mkubwa wa Mkunga. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye haraka zake. Alitaka mfano wa mkataba wa kupangisha chumba na alikuwa ameandika masharti yake kwenye karatasi. Benchi lilikuwa na mtu mmoja mwingine, yule msusi wa saluni jirani, anasubiri leseni yake iwekewe plastiki.

Bi Chapa akaichukua karatasi, akaandika herufi ya kwanza kwenye kile kisanduku cha kutafutia. M. Kisha akakwama. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa balaa. Akaiinua karatasi kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.

"Mwanangu, hapa umeandika nini? Mpangaji asi... asifanye nini?"

Hakujibiwa. Aligeuza karatasi, akaisogeza, akaisogeza tena, macho kwenye karatasi kama alivyofundishwa. Na nyuma yake, kwenye kioo kikubwa kinachotazama benchi, ile M moja ilikuwa imeshusha orodha, na juu kabisa ya orodha, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mkunga mstaafu.

Msusi alikohoa. Bi Chapa akaendelea kuandika, orodha ikapotea, na alipogeuka akamkuta binti wa Mkunga amesimama.

"Nitarudi kesho," alisema yule binti, sauti imemkauka.

"Huumwi?"

"Siumwi. Nitarudi."

Bi Chapa alidhani ni tumbo. Hata alimpa pole.

Kufika saa kumi jioni, habari ilikuwa imeshavuka barabara mara mbili na kurudi imetiwa chumvi. Jumamosi watoto wa Mkunga wakaja wote watatu, bila kuitwa. Yeye aliyepanga kuwakalisha, wakamkalisha yeye, kwenye kigoda, sebuleni kwake mwenyewe. Mtoto wa kiume mkubwa alikuwa na sauti ya kufika mpaka getini. "Mama, umri huu! Sisi tutawaangalia watu usoni namna gani?" Mkunga alipouliza nani amewaambia, binti alimjibu, "Mtaa mzima unajua, mama, unaniuliza mimi?" Na msusi, aliyekuwa wa kwanza kuumwaga mtama, alisema alisikia tu, maana hakutaka aonekane anachungulia mambo ya watu.

Jumatatu Mkunga alikuja dukani kwa Bi Chapa, macho yamevimba.

"Tulikuwa watatu," alisema. "Mimi sikusema. Wewe sikukuhesabu hata, wewe nakujua. Amebaki nani?"

Na Bi Chapa, Mungu amsamehe, akamshika mkono na kusema, "Wanaume, mama. Hawawezi kukaa na neno."

Maneno machache tu hayo. Mkunga akanyanyuka, akavuka barabara, na watu waliokuwa kwenye duka la rangi wakamsikia akimwambia Fundi Saa kwamba amemvua nguo hadharani, na kwamba asimsemeshe tena maishani. Fundi Saa alitoa kile kioo chake jichoni, akabaki amekishika. Hakujibu kitu. Wapo watu ambao wakionewa hukosa maneno, na wengine husema, unaona, amenyamaza, basi ni kweli.

Sasa njoo Jumapili, mchana. Bi Chapa yuko nyumbani, amekaa kwenye ngazi ya jikoni, na kuku wake wanapiga chafya. Akatoa simu atafute dawa ya mafua ya kuku. Akaandika M.

Simu ikamshushia orodha. Juu kabisa: mjane wa miaka sitini na minne mkunga mstaafu anataka kuolewa na fundi saa apeleke karatasi gani kwa msajili.

Hakuelewa mara moja. Alidhani habari imefika hata kwenye mtandao, akakasirika, akasema kwa sauti, "Watu hawa jamani!" Kisha akausoma tena na kuujua mstari. Ulikuwa wake. Haukukosa hata neno moja. Akakumbuka M, akakumbuka karatasi aliyoinua kwenye mwanga, kikohozi cha msusi, na yule binti alivyosema nitarudi na hakurudi. Simu ikamponyoka, ikaanguka katikati ya pumba za kuku.

Alimpigia mdogo wake bila kusalimia.

"Ile orodha. Inazimwaje?"

"Dada, za Jumapili?"

"Inazimwaje!"

Akamwelekeza taratibu. Gusa vile vidoti vitatu pembeni. Nenda kwenye mipangilio. Tafuta palipoandikwa faragha, futa historia yote, tangu mwanzo. Kisha rudi, kuna mahali pa mapendekezo, ondoa alama. Na kompyuta ya dukani vivyo hivyo, na kazi ya siri ifungue dirisha lile lisiloweka kumbukumbu. Dakika mbili, kama alivyosema mwaka jana.

"Imetokea nini?" akauliza.

"Hakuna. Kuku wanaumwa," akajibu Bi Chapa, akakata simu.

Alikwenda dukani Jumapili hiyo hiyo, mlango nusu, akafuta na kuzima kila kitu. Akaandika M. Kisanduku kikabaki kitupu. Akaandika M tena na tena, kikawa kinabaki kitupu, na hakupata nafuu yoyote. Mashine ilikuwa imesahau kabisa. Yeye ndiye aliyebaki anakumbuka.

Na hapo angekwenda. Nyumba ya Mkunga ilikuwa hatua mia mbili. Angekwenda jioni ile, akapiga magoti, akasema, mama, ni mimi. Usidhani hakulijua hilo. Alilijua, akavaa viatu, akavivua. Alifikiri kuhusu benchi likiwa tupu. Alifikiri kuhusu wanawake wa saluni wakifunga macho na kusema, mdomo wangu una kufuli, halafu kicheko. Akajiambia atakwenda kesho, watoto wakipoa. Kesho akajiambia wiki ijayo. Akawa anakula nusu sahani na kumgombeza mumewe kwa sababu ya chumvi, na mumewe, masikini, akaacha kabisa kuweka chumvi.

Wiki ya tatu Fundi Saa alivuka barabara. Alikuwa amebeba saa ya ukutani ya duka la Bi Chapa, iliyokaa kibandani kwake tangu mwanzo wa mwaka.

"Nimeimaliza," alisema. "Nafunga kibanda. Binti yangu ananiita nikakae kwake, nakwenda kesho. Sikutaka kuondoka na kitu cha mtu."

Akapanda juu ya benchi, akaitundika mwenyewe, akaipangusa kwa kiwiko. Aliposhuka alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Bi Chapa, wewe unaongea naye. Hivi mimi nilisema nini? Na nilimwambia nani? Nimekaa nikafikiri mpaka nimechoka. Labda niliropoka na sikumbuki. Mtu akizeeka, huenda."

Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe! Bi Chapa alitazama vitufe vyake, yeye ambaye hakuvitazama tangu akiwa msichana. Ilitosha kusema maneno mawili.

"Watu, bwana," alisema. "Watu wana maneno."

"Kweli," alisema Fundi Saa. Akamuaga kwa heshima zote, akavuka. Kesho yake kibanda kilikuwa na kufuli, na Bi Chapa kila alipoinua macho aliliona lile kufuli.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, benchi likiwa limejaa, Mkunga akaingia. Alikuwa amekonda. Saa ya kifuani hakuivaa. Bi Chapa alipomwona tu akainuka kwenda kurudisha mlango.

"Unafunga nini?" akauliza Mkunga. "Kuna nini tena cha kufungia? Acha. Na kioo kiache hapo hapo kikiwaka. Kuna barua nataka kuandika, mkono wangu unatetemeka siku hizi. Tena nisomee kwa sauti kama unavyowasomea wenzangu."

Msusi alikuwa mwishoni mwa benchi. Kulikuwa pia na mzee mmoja wa kutoa kopi za hati, na dereva wa lori, na mama mwenye mtoto mgongoni. Wote wakatazama kioo, kwa sababu ndipo benchi linapotazama.

"Anza," alisema Mkunga. "Fundi, hii ni barua ya kwanza na ya mwisho."

Bi Chapa akaandika. Akausoma mstari. "Fundi, hii ni barua ya kwanza na ya mwisho."

"Nilikupa neno moja tu la kunitunzia."

"Nilikupa neno moja tu la kunitunzia."

"Ukaenda kulitangaza. Umenidhalilisha mbele ya watoto wangu."

Vidole viliandika. Viliandika vyenyewe, vizuri, bila kosa. Lakini zamu ya kusoma ilipofika, Bi Chapa alifungua mdomo na sauti haikutoka.

"Soma," alisema Mkunga.

"Mama..."

"Umekosea neno? Mbona naliona sawa."

"Sikukosea. Siwezi kuusoma, mama. Si yeye. Ni mimi."

Mashine ya kopi ilikuwa ikinguruma, na yule mzee wa hati akanyoosha mkono akaizima.

"Ulisema?" akauliza Mkunga taratibu.

"Sikusema, mama, haki ya Mungu sikusema. Ni mashine. Ile siku tulipouliza, iliweka yale maneno, halafu mwanao akaja, nikaandika herufi moja, yakatokea hapo kwenye kioo, na mimi nilikuwa naangalia karatasi, sikuona. Mashine ndiyo..."

"Mashine ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa hujui kwamba inaweka?"

Angeweza kusema hakujua. Nani angempinga?

"Nilijua. Mdogo wangu aliniambia mwaka jana, akataka kuizima, nikamkataza. Ilikuwa inaniwahisha."

Mkunga alimtazama kwa jicho lile lile alilomtazama nalo miaka ile akimwambia asukume.

"Na umejua lini kwamba ndiyo iliyosema?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa kuliko yote.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Mkunga alilirudia bila kupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. "Kwa hiyo juzi nilipokusalimia pale kwa muuza nyanya, ukanipokea kikapu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na alipokuja kukutundikia hiyo saa?"

Bi Chapa akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, aliona hana haki ya kuyafuta.

"Siku ile nilipokuuliza amebaki nani, ukaniambia wanaume hawawezi kukaa na neno. Siku ile ulikuwa hujui kama ni wewe. Lakini hata kama ni yeye, hukujua. Ukasema tu."

"Nilisema tu, mama. Nisamehe."

"Mimi utaniomba baadaye. Futa."

Bi Chapa akafuta. Kwenye kioo cha wateja maneno yakaanza kupungua kutoka mwisho, watoto wangu, mbele, umenidhalilisha, mpaka ukurasa ukawa mweupe. Kwenye benchi hakuna aliyejisogeza. Msusi alikuwa anaangalia kucha zake.

"Sasa andika upya," alisema Mkunga. "Itakwenda kule kule alikohamia, kwa binti yake. Ila juu hapo, panapokaa jina la anayeandika, weka lako."

"Niandike Bi Chapa?"

"Lile alilokupa mama yako. Bi Chapa ni jina la kazini."

Akaliandika. Likasimama pale juu ya kioo, peke yake, na watu waliomjua miaka ishirini na sita wakalisoma kwa mara ya kwanza.

Kisha akasubiri kuambiwa mstari, kwa mazoea. Mkunga hakumpa. Alikaa tu kwenye nafasi aliyoachiwa benchini, mkoba magotini, akitazama kioo. Bi Chapa akatafuta karatasi ya kuangalia, na mezani hapakuwa na karatasi. Ikabidi aangalie anachokiandika. Alikwenda polepole, kwa vidole viwili vitatu, kama mtu asiyejua kazi. *Mimi ndiye niliyetoa neno lenu. Wewe hukuropoka. Ulikuja kuniuliza nami nilijua, nikakunyamazia.* Aliandika habari za M, na mdogo wake, na dakika mbili. Aliandika kwamba Mkunga yupo hapa anaona kila herufi. Hakujitetea, kila alipoanza kujitetea aliona neno likitokea kwenye kile kioo, akalifuta mwenyewe.

Alipomaliza akanyoosha mkono kwenye printa.

"Hujasoma," alisema Mkunga.

Bi Chapa akashusha mkono. Akasoma kwa sauti yake ya saa ya mchana, ile ya mlango nusu, kichwa kimeinama. Alisoma mpaka mwisho. Juu yake ile saa ya ukutani ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

"Sikusikia," alisema Mkunga. "Na huyu mzee hapa hakusikia. Rudia, tangu kwenye jina."

Bi Chapa akainua kichwa, akavuta pumzi, akarudia tangu kwenye jina.